Ukuta Nilioufuta Jorodom

Juzi binti mmoja kutoka ofisi ya wilaya alifika nyumbani kwangu Bashay, huku Mbulu, akaniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akatoa simu. Alitumwa kuandikisha wasanii wa wilaya. Jina nikampa, Paskalina. Mahali nikampa. Tulipofika kwenye fani akasoma kwa sauti: "Uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ushonaji, maigizo, muziki. Chagua moja, bibi."

"Moja?"

"Ndiyo, bibi. Simu inakubali moja tu."

Nikamwambia mabango ya maduka nimeandika, vyungu nimefinyanga, shanga nimeshona kwenye ngozi, na kwenye igizo la mnadani Dongobesh niliwahi kuwa mama mkwe mkali hadi mwanamke mmoja akanirushia ganda la muwa. Binti akakuna kichwa, akashuka chini kabisa ya orodha, akabonyeza. Nikamuuliza amebonyeza nini. Akasema, "Nyinginezo."

Basi, wanangu, kazi yangu ya miaka arobaini na kitu, kwenye simu ile inaitwa Nyinginezo. Tulicheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza, mnaokuja hapa uani na daftari zenu kuniuliza nilifanyaje. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu jicho langu la kulia limeingia ukungu, na la kushoto linaona rangi kana kwamba mtu amezimiminia maziwa. Msinionee huruma sana. Asubuhi ukungu wa kweli ukipanda kutoka bondeni, sijui tena wa nje unaishia wapi na wangu unaanzia wapi, na shamba la vitunguu saumu la jirani linaelea mbele yangu kama kitu ninachokiota. Nakaa naliangalia. Harufu ndiyo inayoniambia niko macho.

Nilianza Kainam, kwa Ama. Ama ndiye bibi yangu mzaa baba. Nyumba yake ilikuwa imechimbiwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo limeota majani, mbuzi wangeweza kupanda juu wakala bila sisi tuliomo ndani kujua. Siku za mvua ndogo wanawake walikuja kwake na sindano zao, wakakaa kuizunguka ngozi moja iliyolainishwa kwa mafuta, wakashona shanga. Ilikuwa sketi ya shangazi yangu, aliyekuwa anakaribia kuolewa. Shanga zilikaa kwenye nusu kibuyu, na mimi nililala kichwa changu kikiwa karibu na kibuyu hicho, nikisikia vidole vikichota, kuchota, kuchota, kama mvua isiyofika chini.

Nilikuwa na miaka kama saba. Siku moja wote walitoka kwenda kumsaidia jirani kumwinua ng'ombe aliyetumbukia mtaroni. Nikachukua sindano nikashona mstari wangu, wa shanga nyekundu, mahali palipotakiwa nyeupe. Ulipinda kama mkia wa panya. Ama aliporudi nikajua nitachapwa. Akainama akautazama, akawaita wenzake wakautazama, wakaongea Kiiraqw cha haraka ambacho wakubwa hutumia wakitaka mtoto asielewe. Kisha wakakaa, wakaendelea pale nilipoishia.

Siku ya harusi niliitazama sketi ile ikipita mbele ya watu, na sikuona kitu kingine zaidi ya mstari wangu mwekundu. Nikamuuliza Ama, "Sketi hii imeshonwa na nani?" Akaanza kutaja majina. Akataja wanawake tisa, taratibu, pamoja na mmoja aliyekuwa ameshafariki. Jina la mwisho likawa langu.

Udongo pia alinifundisha yeye. Ukishuka kutoka Kainam, mahali barabara ilipokata kilima, utaona mkato wa ardhi: udongo mwekundu, wa njano, mwingine unaoelekea zambarau ukilowa, na mweupe chini kabisa. Ama alichukua kidogo akausaga kwa meno ya mbele. Ukisikia mchanga, huo ni wa kukandikia ukuta. Ukiteleza kama uji, huo weka, ni wa rangi. Mpaka leo naujua udongo kwa meno kabla ya macho, na siku hizi nashukuru kwamba nilijifunza hivyo.

Herufi nilifundishwa na Mzee Bura, mwandika mabango wa Mbulu mjini, aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la cherehani. Alinichukua kwa sababu aliona mwandiko wangu kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Watu walimwambia msichana hawezi kupanda ngazi na sketi. Akawajibu kwamba nitavaa suruali chini, na hilo likaisha.

Siku ya kwanza aliniandikisha neno MBULU mara ishirini kwenye bati. Akasimama upande wa pili wa barabara, akafumba macho nusu. "Herufi zako zimebanana kama watu waliojificha mvua," akasema. "Zipe nafasi." Na hili nawapa nyinyi bure: O na S zipitishe kidogo juu na chini ya mstari, la sivyo zitaonekana fupi kuliko nyingine. Anza kupima katikati ya neno, uende kulia na kushoto. Brashi usiiache kwenye kopo la tapentaini ya kuoshea rangi ikasimamia nywele zake. Itapinda, na ikishapinda haitakusamehe.

Hilo la kupima katikati nililipuuza Dongobesh, na nikajuta.

Mzee Bura alinituma peke yangu kwa mara ya kwanza, kwa mwenye bucha mmoja aliyeitwa Ramadhani. Alitaka bango: BUCHA YA KISASA, na ng'ombe mzuri pembeni. Nilianza na ng'ombe kwa sababu ndiye niliyempenda. Njiani nilikuwa nimemwona mmoja kwenye kijito, mweupe, mwenye baka jeusi kwenye nundu, sikio moja limechanika, pembe ya kushoto imeinama kama mtu anayesikiliza. Nikamchora kutoka kichwani, kila nywele. Nilipogeukia maandishi, ubao ukaniishia. Ikabaki BUCHA YA KISAS, na ile A ya mwisho nikaibana chini kwenye kona, ambako mwavuli wa Ramadhani uliifunika.

Watu wa Dongobesh wakaimalizia wenyewe. Wakaiita bucha ya kisasi.

Ramadhani alivumilia. Lakini wiki ya tatu mzee mmoja alisimama mbele ya bango, akalitazama muda mrefu, akaondoka, akarudi na mwenyekiti wa kijiji. Ng'ombe wake alikuwa amepotea. Na huyu hapa, na baka lake, na sikio lake, amechorwa juu ya mlango wa bucha. Tena bucha ya kisasi.

Nililetwa kutoka Mbulu kwa basi. Nilikuta watu wamejaa, Ramadhani amekaa juu ya gogo la kukatia nyama, jasho linamtoka.

"Fundi, waambie!" akapiga kelele. "Waambie huyu ng'ombe umemtoa wapi!"

Nikasema nilimwona kijitoni, siku niliyokuja, akiwa na kundi lililokuwa likipandisha kilimani. Yule mzee akaniuliza, "Wangapi?" Nikafumba macho, nikawahesabu kama nilivyowaona: weusi wawili, mwekundu mwenye ndama, na mbuzi wengi. Wakalijua kundi ni la nani. Wakaenda. Jioni wakarudi naye. Alikuwa amejichanganya tu na ng'ombe wa watu, mzima, anatafuna.

Mzee akamsimamisha chini ya bango, akalinganisha. "Umemnenepesha," akaniambia. Hakunishukuru kwa neno jingine, ila aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubakiza humo kidogo.

Ramadhani alitaka bango jipya siku hiyohiyo. Nilimweleza Mzee Bura kwamba safari hii nitachora ng'ombe asiye na mwenyewe, wa kahawia tupu. Alikuwa anasafisha brashi, hakuinua hata kichwa.

"Huku hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe, Paska. Uliza kwanza, halafu chora."

Ningekuwa nimelishika neno lile, yaliyonipata Jorodom yasingenipata.

Mnajua matope yalivyoshuka kutoka Mlima Hanang yakapita Katesh. Wengine mlikuwa mbali, wengine mlikuwepo, sitawasimulia nyinyi mliokuwepo. Mimi nilikuwa Mbulu, nikasikia redioni kama kila mtu. Nilipofika Jorodom, chini ya mlima huo, wiki kadhaa baadaye, miti mikubwa iliyovuliwa maganda ilikuwa bado imelala, mingine ndani ya vyumba vya watu, myeupe kama mifupa. Mawe yalikaa mahali palipokuwa na vitanda. Mlima wenyewe ulikuwa juu pale, umejifunika wingu lake, umetulia, na ubavuni ulikuwa na mstari mpya wa rangi ya nyama.

Baada ya miezi, Mwalimu Faustini alinifuata. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ndogo ya watu wa pale waliotaka kumbukumbu. Ghala moja lilikuwa limebaki limesimama na lilikuwa na ukuta mrefu unaotazama barabara. Walitaka niuchore.

Niseme ukweli. Jicho langu lilikuwa limeanza kuingia ukungu na nilikuwa sijamwambia mtu. Nilijua ni kazi yangu kubwa ya mwisho. Nilitaka iwe nzuri, nilitaka watu wa kwenye mabasi wageuze shingo, na chini kwenye kona nilitaka jina langu, kwa herufi zilizopumua. Sikumuuliza mtu kitu. Nilikuja na picha yangu kichwani kama nilivyokwenda na ng'ombe Dongobesh.

Nilichora siku kumi na mbili. Mlima, mawingu, mikono miwili mikubwa imeubeba mlima, na malaika aliyevaa kanga ameshika mshumaa. Kitaalamu haikuwa na kasoro, nasema hivyo bila aibu. Watu walipita wakasema, "Hongera, fundi," wakaendelea na safari. Hakuna aliyesimama. Waliutazama ukuta wangu kama mtu anavyotazama lori lililoegeshwa.

Upande wa pili wa barabara alikaa mama mmoja na cherehani yake barazani kwa watu. Kila siku alivuka, akapita polepole mbele ya ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi kushona. Nilidhani anaipenda kazi yangu. Siku ya kumi na mbili, nikiwa juu ya ngazi namalizia mshumaa, akasimama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ni nani?"

"Malaika."

"Wa wapi?"

Nikashuka.

"Mama, usinielewe vibaya," akasema. "Mimi naitwa Mama Rehema. Ila tangu siku ile watu hawaniiti hivyo tena. Wananiita fundi, wananiita dada. Wanaogopa kulitaja jina la mwanangu mbele yangu, na wanafikiri wananisaidia." Akanyoosha kidole ukutani. "Nimepita hapa siku zote hizi nikitafuta kama kuna mahali umemweka. Hata mlango wetu tu. Ulikuwa wa buluu. Alikuwa darasa la kwanza, akaandika jina lake mlangoni kwa chaki, na R imegeukia nyuma. Nikamgombeza. Nikamwambia afute." Akashusha kidole. "Hakufuta vizuri. Ilikuwa bado inaonekana."

Akavuka barabara akarudi kwenye cherehani. Mimi nikakaa chini kwenye nyasi, brashi ikakauka mkononi. Niliutazama ukuta wangu kwa mara ya kwanza nikiwa kama mtu wa pale, na kweli, sikumwona mtu yeyote ninayemjua.

Kesho yake nilimkuta Mwalimu Faustini kwake anakunywa chai.

"Mwalimu, naomba niufute ukuta."

Akacheka kwanza. Alipoona sicheki, akaweka kikombe. "Fundi, mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Mahema tumeshakodi. Watu wametangaziwa makanisani na msikitini. Na ukuta ni mzuri!"

"Ni mzuri. Ungekuwa Singida ungekuwa mzuri vilevile. Ungekuwa Babati, vilevile. Wa hapa wako wapi?"

"Unatuaibisha."

"Najua."

"Unajifikiria mwenyewe, Paskalina."

Hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli siku zote kumi na mbili, na siku aliyolisema ndiyo siku lilipoacha kuwa kweli. Nilikwenda dukani nikachukua chokaa.

Kupaka chokaa juu ya kazi yako mwenyewe ni kitu cha ajabu. Mikono mikubwa ilipotea haraka. Malaika alibaki kidogo, mshumaa ukionekana kama doa la mafuta. Mlima ulikataa. Mkono wa kwanza wa chokaa ulipokauka, mlima ukajitokeza tena, wa buluu hafifu, kama unavyouona kutoka mbali asubuhi kabla jua halijaamua. Mkono wa pili, bado. Mkono wa tatu ndipo ulipoondoka, na mimi nikabaki mbele ya weupe mrefu ambao kwa jicho langu haukuwa na mwisho, nikahisi kama nimesimama ndani ya wingu.

Jumamosi mgeni rasmi alituma ujumbe kwamba atakuja siku nyingine. Siku hiyo bado haijafika. Lakini watu walikuja, maana walitangaziwa. Wakakaa chini ya mahema wakautazama ukuta mtupu. Mwalimu Faustini alisimama mbali nami, mikono nyuma.

Nikasimama nikawaambia niliyoyafanya, bila kupamba. Nikawaambia nilichora bila kuuliza, na sasa nauliza. "Hapa palikuwa na nini?"

Mtoto mchanga akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Nilifikiri nimeharibu kila kitu, hata kile kidogo kilichokuwepo.

Kisha Mama Rehema akanyanyuka. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Akalifungua akanionyesha: udongo mkavu, wa kijivu, vipande vipande.

"Nilikwangua matope haya kwenye cherehani yangu walipoichimbua," akasema. "Sijaweza kuyatupa. Sijui ya nini. Wewe unasemekana unajua kutengeneza rangi ya udongo."

Watu wa safu ya mbele walirudi nyuma na viti vyao. Mzee mmoja wa Kibarabaig, Mzee Gidamis, ambaye ng'ombe wake na mjukuu wake walichukuliwa na matope pamoja, akasimama akiegemea fimbo.

"Hayo yasiguswe," akasema. "Yamebeba watu."

"Yamembeba wangu, babu," Mama Rehema akajibu. Sauti yake haikupanda. "Ndiyo maana nayabeba."

Mzee Gidamis akalitazama kopo. Mimi nilikuwa tayari kusema tuache, turudi nyumbani, nami nibebe lawama.

"Utachora nini nayo?" mzee akauliza.

"Mlango," Mama Rehema akasema.

Akasogeza fimbo yake kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. "Basi. Mlango," akasema, akakaa.

Tulitwanga udongo ule kwenye kinu cha mtu wa jirani. Tukauchekecha kwa kanga nyepesi, tukaumimina kwenye maji, tukasubiri mchanga utue, tukachukua ule mlaini wa juu. Nikaweka gundi nyeupe ya mbao, kijiko kwa kijiko. Mkitaka kujua kipimo, pakeni kwenye kucha. Ikikauka bila kupasuka, imetosha. Ilikauka rangi ya ndama mchanga kabla mama yake hajamlamba vizuri. Sikutegemea rangi nzuri kiasi kile kutoka mahali pale, nikaona aibu kuiona nzuri.

Mama Rehema alichora mlango mwenyewe. Mistari ilitetemeka, upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Alipofika kwenye jina alisimama.

"Nikuandikie?" nikamuuliza.

"Hapana, mama."

Akaandika R iliyogeukia nyuma. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Bura, niliyewahi kumrudishia mtu hela yake kwa sababu ya N iliyolala, nilishika mikono yangu nyuma nikaikaza. Kisha akaandika herufi nyingine, moja moja, kwa mwandiko wa mtoto. Alipomaliza akageuka, uso umelowa, brashi inadondosha.

Bibi mmoja aliyekuwa karibu na ukuta, simjui jina mpaka leo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemsalimu mwenzake sokoni, "Pole, Mama Rehema."

Na mwingine nyuma yake, "Pole, Mama Rehema."

Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mahema. Nilihisi jina lile likipita kwenye hewa kama joto la mkate. Mama Rehema aliitikia kila mmoja, "Asante. Asante." Hakuna aliyekuwa na haraka.

Ile kazi ilichukua zaidi ya mwezi. Watu walileta udongo wao: kutoka kwenye viwanja vyao, kutoka mtoni, mwekundu wa kutoka kwa ndugu zao Endasak. Wengine walikuja kutwanga tu, wakakaa wakasimulia. Mimi nilifundisha kuchekecha, kupima gundi, kushika brashi, na zaidi ya hapo nilikaa kimya, jambo ambalo watu wanaonijua hawaliamini. Mzee Gidamis alikuja siku ya tatu. Hakutaka brashi. Alichora kwa kidole pembe za ng'ombe wake, jozi kwa jozi, hakuna iliyofanana na nyingine, na katikati akaweka alama ndogo ya kidole gumba ambayo hatukumuuliza ni ya nani.

Mwalimu Faustini ndiye alikuwa wa mwisho. Alikuja na brashi yake mpya, bado iko kwenye nailoni.

"Fundi, nianzie wapi?"

"Muulize Mama Rehema."

Akavuka barabara kwenda kumuuliza. Mchana wote alipaka nyasi, chini kabisa, akiwa amepiga magoti na suruali yake ya kitambaa.

Nilipoulizwa kama nitaweka jina langu kwenye kona, nilitazama kona ile nikakuta mtu ameshachora jiko la mkaa lenye sufuria ya kande. Nikaliacha.

Tangu hapo sijapanda ngazi. Jicho halitaki.

Mwaka huu, masika yalipopungua, nilitoka kwa daktari wa macho nikapanda basi la Katesh badala ya kurudi moja kwa moja Mbulu. Nilitaka kuuona ukuta kwa kiasi ambacho bado naona. Rangi ya udongo haipendi mvua inayorusha matone kutoka chini, nilijua hilo tangu mwanzo na nilikuwa na wasiwasi nalo. Njiani nilikuwa napanga nitakavyowaambia, wanunue nini, wamwite nani, nani asimamie.

Nilikuta wanawake kama wanane wameuzunguka, na mabakuli, na kinu. Sehemu ya chini ilikuwa imeoshwa na mvua kweli, nao walikuwa wanairudishia. Wengi walikuwa wasichana ambao sikuwahi kuwaona. Nikasimama pembeni. Mmoja akaniona nimeshika mkoba wangu, nakodoa macho kama mtu aliyepotea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Unamtafuta mtu?"

"Naangalia tu. Nani anasimamia hapa?"

"Hakuna. Mama Rehema ameenda dukani kuleta gundi, atarudi sasa hivi." Akanitazama miguu, akanitazama mikono. "Bibi, kama huna haraka tusaidie hapa chini. Kaa kwenye hilo gunia, usisimame."

Nikakaa kwenye gunia. Akanipa kitambaa na bakuli. Rangi ilikuwa nzito kidogo kuliko ninavyoipenda, nikataka kusema, nikainusa tu. Nikachovya, nikaanza kupaka nyasi zilizofutika, kwa mkono ule nilioupa kazi miaka yote. Msichana akainama akanishika kifundo cha mkono, kwa upole.

"Sio hivyo, bibi. Hapa tunapaka mara mbili. Ya kwanza nyepesi, tunaiacha inakauka, ndipo ya pili. Hujawahi kupaka?"

"Nimewahi kidogo," nikasema.

"Haina shida. Utazoea," akasema, akanisogezea bakuli karibu.